Farasi Katika Maegesho ya Waheshimiwa

28 Machi

Nimeanza leo kazi ya Ofisa Msaidizi wa Mipango ya Ufikiaji katika uwanja mpya wa kriketi wa Khairwadi, kijiji kilicho nje kidogo ya Amravati. Nina shahada ya uzamili katika usimamizi wa michezo, nina kipindi cha majaribio kitakachokwisha pamoja na msimu wa ligi, na nina nia thabiti ya kuthibitishwa kazini kabla ya mvua za Juni. Shajara hii naiandika kwa sababu naamini kwamba anayetarajia kuongoza hana budi kuanza kwa kutazama vizuri.

Nimepanga chumba kwa Mama Sulbha, karibu na ukuta wa uwanja. Mumewe, Mzee Namdev, alikiuzia chama cha kriketi mashamba yake ya michungwa, akabaki na nyumba na bustani ndogo ya nyuma. Mama Sulbha alinipokea kwa sahani ya poha, mchele bapa uliokaangwa kwa karanga.

"Wewe ndiye bosi wa magari?"

"Msaidizi tu, mama."

"Haya, msaidizi wa bosi wa magari. Kula, umekonda kama njiti ya kiberiti."

Binti yao Mrunal anaolewa Mei. Nyumba nzima inazungumza sari na vitambaa.

30 Machi

Mkurugenzi wangu, Bwana Sabnis, amenitembeza. Maegesho A, ya waheshimiwa, yapo mlangoni kabisa pa uwanja. Maegesho B ni ya wanachama. Maegesho C, ya wananchi, yako ng'ambo ya barabara kuu, mbali kiasi kwamba kuna basi la kuwaleta.

Katikati ya Maegesho A limesimama hekalu dogo la mungu Maruti, limezungukwa na kokoto pande zote. Nilipouliza kwa nini halikuhamishwa, Bwana Sabnis alicheka.

"Nani wa kumhamisha Maruti? Tumewaachia wanakijiji njia. Watu wawili watatu na ubani wao asubuhi, hawamsumbui mtu."

Njia yenyewe inaanzia barabarani, inapita hekaluni, kisha inaingia kijijini na kufika mlangoni kwa Mama Sulbha. Ile ya zamani, ya kupitia mashambani, imezibwa na ukuta wa uwanja. Nilibaini upungufu huo papo hapo na kuuandika. Bwana Sabnis alinisifu kwamba nina jicho kali.

2 Aprili

Joto. Lami inanata kwenye viatu.

5 Aprili

Mechi ya kwanza ya nyumbani. Naandika kabla hasira haijapoa.

Nafasi za magari huuzwa kwa programu ya simu pekee, na programu hiyo haina habari na idadi ya nafasi zilizopo chini; inauza tu. Kufikia saa kumi jioni Maegesho C yalikuwa yamejaa, na magari yenye risiti halali yalikuwa yamejipanga barabarani hadi kwenye mzani wa malori. Wenye magari walikuwa wamelipa rupia mia tano kila mmoja kwa nafasi isiyokuwapo. Basi nalo haliondoki mpaka lijae. Na halijai, kwa sababu watu wakishaona namna dereva alivyolala juu ya usukani huamua kutembea.

Waendesha pikipiki wakapata mkasa wao. Polisi wa barabarani humtoza faini asiyevaa helmeti; walinzi wa mlangoni humzuia aingiaye nayo, wakihofu ataitupa uwanjani. Katika vikao vyote vya maandalizi, hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza helmeti hiyo iende wapi. Waliziacha ukutani, rundo juu ya rundo, na mechi ilipokwisha nilishuhudia wanaume wazima wakigombana, kila mmoja ameshika helmeti nyeusi iliyo sawa kabisa na ya mwenzake.

Lakini lililonichukiza zaidi ni jingine. Karibu na mlango kuna nafasi nne zenye alama ya kiti cha magurudumu. Mzee mmoja, mwamuzi mstaafu, alifika na mwanawe akiwa amelipia nafasi mojawapo. Zote nne zilikuwa na magari makubwa meupe. Nilimwita Pintu, msimamizi wa kampuni iliyopewa zabuni ya maegesho, kijana asiyevua miwani ya jua hata kivulini.

"Pintu, magari haya ni ya nani?"

"Ya watu wa diwani, dada."

"Yana vibali vya ulemavu?"

"Dada, diwani mwenyewe ana kisukari."

Alisema kwa uso mkavu kabisa. Mzee yule alisubiri juani ndani ya kiti chake mpaka timu ya kwanza ilipomaliza kupiga, kisha akamwambia mwanawe amrudishe nyumbani. Hakutukana. Laiti angetutukana.

6 Aprili

Nimewasilisha taarifa ya kina kuhusu kasoro za jana, yenye mapendekezo. Bwana Sabnis aliisoma yote nikiwa nimesimama.

"Ketaki, lugha yako ni nzuri mno. Taarifa kama hii hatujawahi kuipata."

"Asante sana, bwana. Nafasi za watu wenye ulemavu tunaweza kuanza nazo mechi ijayo."

"Msimu ujao," alisema, akaifungia kabatini.

11 Aprili

Upepo wa moto kutwa. Simu yangu imegeuka ofisi ya kuombea pasi za bure za mechi. Amepiga daktari wa meno aliyeniziba jino nikiwa darasa la sita.

16 Aprili

Mechi ya pili. Leo uchafu umetoka upande nisioutarajia.

Wanakijiji wamegundua kwamba asiyepata nafasi Maegesho C atalipa chochote. Nyua zote zimefunguliwa. Majirani wanapunga vitambaa vyekundu barabarani na kulenga rupia za watu kama wawindaji. Niliporudi usiku nilikuta bustani ya Mzee Namdev imejaa magari yaliyoingia kwa barabara ya nyuma ya kijiji, na wanaume wanne wakikojolea shina moja la mchungwa kwa zamu, wakijadili bao. Harufu iliingia hadi chumbani kwangu.

Nilimwambia Mama Sulbha, kwa heshima zote, kwamba biashara hiyo si halali na inaudhi.

"Inaudhi?" alisema. "Wao wakichukua mia tano hawampi mtu nafasi. Mimi nachukua mia mbili, nafasi ipo, na maji ya kunywa nampa. Sasa nani mwizi hapo, mwanangu?"

"Lakini mama, wale wanaume na mti..."

"Mti utakufa, naujua. Mrunal anataka sherehe. Niuze figo?"

Nimelala na dirisha limefungwa katika joto hili.

24 Aprili

Mechi ya tatu. Kama ya kwanza, kama ya pili. Kwenye nafasi zile nne kulikuwa na magari matano.

25 Aprili

Mrunal amenionyesha picha ya mchumba wake, Vikrant, fundi wa mitambo. Ana masikio makubwa na macho ya upole. Mwanzoni mwa Juni anaondoka kwenda kazini Muscat kwa miaka miwili, na mwajiri wake amekubali kumpokea na mke, mradi cheti cha ndoa kiwepo.

"Na usipokwenda naye?" nilimuuliza.

"Shangazi yake ana msichana mwingine tayari," alisema Mrunal, akaigeuza picha kifudifudi. "Wa mjini. Ana gari."

2 Mei

Ratiba imebadilishwa. Mji mmoja umekosa polisi wa kutosha kwa sababu ya uchaguzi, na mechi yao imehamishiwa kwetu: tarehe 19 Mei, saa moja na nusu usiku, milango wazi kuanzia saa kumi.

Tarehe 19 Mei ndiyo harusi ya Mrunal. Ilipangwa tangu Desemba. Kuhani amekadiria saa njema kuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ng'ombe wanaporudi zizini na vumbi lao likiwa hewani. Baada ya hapo hakuna siku njema kabla ya Vikrant kuondoka, na mvua zikianza ndoa hazifungwi mpaka baada ya sikukuu ya Diwali.

Desturi ya hapa ni kwamba bwana harusi huja na msafara akiwa juu ya farasi, husimama kwanza kwa Maruti kusujudu, ndipo aendelee hadi nyumbani kwa bibi harusi. Maruti yumo katikati ya Maegesho A. Njia ya kuendelea imo ndani ya Maegesho A. Barabara ya nyuma ya kijiji haisaidii: bwana harusi akishamsujudia Maruti harudi nyuma kuzunguka, ni mkosi. Siku ya mechi hapaingii hata paka asiye na kibandiko cha ruhusa.

Mama Sulbha alinisubiri mlangoni. Hakunikaribisha chai.

"Wewe si uko mle ndani? Basi tufungulie njia."

Nikasema nitafungua. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka, na Mrunal alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisikia.

4 Mei

Nilimweleza Bwana Sabnis jambo lote, kwa mpangilio na bila kupapatika. Nilipendekeza njia ya hekalu iachwe wazi kwa upana wa mita tatu, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni.

"Mita tatu ni magari arobaini," alisema. "Unajua kila nafasi ya Maegesho A tumempangia nani siku hiyo? Waziri anakuja. Mke wa waziri anakuja. Mdhamini anakuja na binamu zake."

"Bwana, njia hiyo kijiji kiliahidiwa wakati wa kuuza ardhi."

"Iliahidiwa kwa mdomo." Akatabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. "Lakini sisi si wanyama. Wape vibandiko vitatu vya magari. Zawadi ya chama."

"Bwana harusi anakuja na farasi."

"Basi kibandiko wamgandishe farasi pajani."

Alicheka peke yake. Nilicheka pia, kidogo. Nimejichukia tangu saa hiyo.

9 Mei

Digrii arobaini na sita. Mafundi wanamwaga kokoto mpya Maegesho A. Chokaa ya mistari ya magari imepita juu ya kizingiti cha hekalu.

13 Mei

Shangazi yake Vikrant, Bi Pramila, alikuja kukagua maandalizi. Ni mwanamke anayeonja kila kitu na kukirudisha sahanini. Alitazama ukuta wa uwanja, akatazama njia.

"Kwa hiyo mwanetu atapita kati ya magari ya watu?"

"Tumeshazungumza na wakubwa," alisema Mama Sulbha, akanigeukia. "Si ndiyo, Ketaki?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nawaambia mapema," alisema Bi Pramila. "Saa ikipita, tunageuza farasi. Sitaki mtoto wangu aoe kwa mkosi halafu aende kufia jangwani."

Alipoondoka, Mrunal aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

17 Mei

Nimeongea na Pintu. Nilimweleza kwamba atakapoisikia sauti yangu kwenye redio ya upepo, afungue. Alisema bosi wake huhesabu kila tairi linaloingia. Nilisema farasi hana tairi. Alisema atafikiria.

19 Mei

Usiku. Mikono yangu ina rangi ya manjano na vumbi, na siwezi kulala kabla ya kuandika.

Saa kumi na moja jioni Maegesho A yalikuwa yameshajaa. Nafasi zilizochorwa zilikuwa zimeuzwa, na nafasi zisizochorwa zilikuwa zimegawiwa. Kila mheshimiwa alikuja na gari moja la kibandiko na mawili ya wapambe. Wapambe waliegesha pale walipotaka. Walipotaka ni juu ya njia. Kutoka hekaluni hadi ukingo wa kijiji kulikuwa na ukuta wa magari meupe, bampa kwa bampa, vioo vimegusana. Hakuna ambalo lingeweza kutoka mpaka lililo nyuma yake litoke, na la nyuma kabisa lilikuwa la mdhamini, aliyepanda na ufunguo wake jukwaani.

Nilizunguka nikiwasihi madereva. Walikuwa wameketi kwenye kibaraza cha hekalu wakicheza karata na kutema tambuu ukutani kwa Maruti, mate mekundu yakitiririka juu ya chokaa.

"Dada, sisi tungetoa hata sasa," mmoja alisema. "Lakini tuyabebe kichwani?"

Saa kumi na moja na nusu nilisikia tarumbeta. Msafara ulikuwa umefika kizuizini: bendi, wanawake wenye sari za kijani, vijana wakicheza, na Vikrant juu ya farasi mweupe, shanga zikimning'inia usoni. Pintu alikuwa amesimama mbele ya farasi, mkono ameunyoosha.

"Huyu hana kibandiko."

"Ni farasi, wewe!" alisema mjomba mmoja wa bwana harusi.

"Naona ni farasi. Ana miguu minne. Miguu minne ni bei ya gari."

"Bei ya gari? Toa injini tuione!"

"Au mtu ashuke, tumtoze kama mtembea kwa miguu. Na bendi iko ngapi?"

Vijana wakaanza kumsogelea. Bi Pramila alikuwa anatazama saa yake ya mkononi waziwazi, ili kila mtu amwone akiitazama. Nilishika redio ya upepo.

"Kizuizi A, fungua. Narudia, fungua. Mgeni mashuhuri anaingia."

Pintu, hatua mbili kutoka kwangu, aliinua redio yake mdomoni. "Mgeni gani, dada? Tamka jina."

"Bwana harusi."

Tulitazamana. Sijui alifikiri nini nyuma ya miwani ile. Aliinua chuma cha kizuizi.

Redio ikalia mara moja. Ilikuwa sauti ya Bwana Sabnis kutoka jukwaani. "Ketaki, nani huyo kwenye farasi? Ketaki? Mtoe huyo mtu!"

Nilizima redio. Sijawahi kuizima kabla ya leo.

Vikrant alishuka hekaluni, akavua viatu, akasujudu juu ya mistari ya chokaa. Madereva waliacha karata, wakasimama. Kisha msafara ukageuka kuelekea nyumbani kwa bibi harusi, na mbele yake hapakuwa na njia, palikuwa na magari.

"Nilisema," alisema Bi Pramila. "Nilisema au sikusema? Geuzeni farasi."

"Shangazi, subiri," alisema Vikrant.

"Nisubiri nini? Magari yazae?"

Nilimpigia simu Mama Sulbha. Nilimwambia njia imekufa, bwana harusi yuko kwa Maruti, amlete Mrunal hapa. Sauti iliyonijibu ilinikata.

"Mwanangu aolewe kwenye kokoto? Kama gari bovu?"

"Mama, saa inapita."

"Uliniambia utafungua."

"Niliahidi nisichokuwa nacho, mama. Mlete."

Simu ikakatika. Nilidhani amekata kwa hasira. Kisha niliwaona upande wa pili wa magari: Mama Sulbha na Mzee Namdev, kuhani akiwa na kitambaa cha harusi begani, wanawake na sahani za mchele uliotiwa manjano, na katikati yao Mrunal katika sari ya manjano, akiwa amemshika mkono mjomba wake, ndugu wa mama yake, kama desturi inavyotaka. Wakasimama kwenye ukuta uleule. Kati ya gari na gari hata paja la mtoto lisingepenya.

Yule dereva aliyeniambia habari ya kubeba kichwani alitupa karata alizokuwa bado ameshika. Alifungua buti, akatoa godoro lake la kulalia, akalitandaza juu ya boneti ya gari la bosi wake.

"Pita hapa, dada. Hili ni imara, mheshimiwa mwenyewe ana kilo mia moja na ishirini na huketi juu ya boneti hili hili."

Mwingine akatandika shuka. Mwingine akatandika taulo jeupe la kiti cha waziri. Mrunal alitazama nyuma kwa mama yake, akavua viatu, akapanda. Alitembea juu ya maboneti yale, gari kwa gari, mjomba wake akipanda nyuma yake na kumshika kiwiko kama mtu anayevusha mtumbwi, na chuma kilibonyea na kurudi chini ya nyayo zake zenye hina. Kwenye gari la mdhamini king'ora kililia. Hakusimama, na wazazi, kuhani na wanawake wenye sahani wakapanda kumfuata.

Mheshimiwa mmoja aliyechelewa alikuwa amefika na wapambe wake. "Wapigeni picha pembeni," alisema, akiifunika pua yake kwa leso. "Sisi tunataka kupita." Hakuna aliyesogea. Alingoja, kama yule mwamuzi mstaafu alivyongoja, ila yeye alinung'unika wakati wote.

Kitambaa kilishikwa kati yao wawili mbele ya Maruti, wasionane kabla ya saa yao. Kuhani aliimba beti haraka, jasho likimdondoka, vipaza sauti vya uwanjani vikimshinda kwa matangazo ya simenti. Bi Pramila alikuwa ameacha kutazama saa. Alikuwa ameshika punje za mchele ngumini kama wengine. Ubeti wa mwisho ulipokwisha, kitambaa kilishushwa, mchele ukaruka juu ya watu na magari, na madereva wakapiga honi zote kwa pamoja. Farasi akainua mkia akajisaidia juu ya chokaa ya nafasi namba moja.

Mama Sulbha alinipita. Alikuwa analia, na uso wake haukuwa na msamaha.

20 Mei

Bwana Sabnis hakuniita. Vikrant na Mrunal wamepata cheti chao.

22 Mei

Ameniita. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Nilimkuta anatabasamu.

"Mke wa waziri aliona yote kutoka jukwaani. Amefurahi kupita kiasi! Picha zimesambaa nchi nzima. Keti, keti."

Mezani palikuwa na barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Ofisa kamili wa Mipango ya Ufikiaji. Kando yake mchoro: Maegesho A yamepambwa maua, na maneno "Harusi ya Maruti, Uwanjani Khairwadi", na bei, laki mbili kwa jioni moja, farasi mbali.

"Wewe utaisimamia," alisema. "Una kipaji."

"Na wanakijiji, bwana? Wao husujudu pale bure tangu mababu zao."

"Watapata punguzo."

Niliitazama barua. Tangu Machi nimekuwa nikiiota. Nilimwambia sitaweza kuipokea, kwamba alichonionyesha kinanuka, na kwamba afadhali mkojo wa bustanini kwa Mzee Namdev. Nilitoka kichwa juu, nikajiona mtu.

23 Mei

Mapema leo wamefunga kizuizi kipya cha chuma kwenye njia ya hekalu, chenye kufuli, kwa boliti nene ndani ya zege. Wanawake waliokwenda kusujudu asubuhi wamerudi na sahani zao za maua zikiwa zimejaa.

Nilimsimulia Mama Sulbha jinsi nilivyomjibu mkurugenzi. Nilitegemea, sikatai, kwamba atanikumbatia. Alikuwa anachambua dengu, na aliendelea kuchambua.

"Umekataa kazi?"

"Ndiyo, mama. Singeweza."

"Kwa sababu inanuka."

"Ndiyo."

"Sisi tunaishi humo kwenye harufu, wewe ulikuwa unapita tu?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Ulitudanganya, ukatuaibisha, lakini chuma kiliinuka. Kiliinuka kwa mdomo wa nani? Wako. Mtu wetu mle ndani alikuwa mmoja. Binti wa jirani yetu Kusum anaolewa Februari. Nani atamfungulia? Pintu?"

"Mama, wataniagiza niwauzie ninyi njia yenu."

"Watakuagiza. Kwani kila unaloagizwa hufanya? Juzi ulizima redio."

Akanisukumia nusu ya dengu nichambue.

26 Mei

Mvua ya kwanza ya utangulizi, matone makubwa machache, harufu ya vumbi lililolowa. Harufu ya kwanza safi tangu nije hapa.

Nilifika ofisini asubuhi. Bwana Sabnis yuko Mumbai kwa vikao. Barua bado ilikuwa kwa katibu muhtasi wake, ikiwa na sahihi ya mkurugenzi. Katibu alisema bwana alibashiri kwamba nitarudi, kwa sababu vijana hurudi. Nilimeza hilo pia. Nikatia sahihi yangu, nikachukua kitambulisho kipya, nikaenda moja kwa moja Maegesho A na kuwaita mafundi wawili wenye spana. Pintu alikuja mbio.

"Dada, hiki ndiyo kwanza kimefungwa! Amri ya nani?"

"Ya Ofisa wa Mipango ya Ufikiaji."

"Ndiye nani?"

"Mimi. Tangu asubuhi."

Alivua miwani yake, akanitazama kwa macho madogo yaliyochoka, akaivaa tena. "Bwana Sabnis anajua?"

"Anarudi Jumatatu."

Boliti zilikuwa nane, na mbili zilikuwa zimeshashikana na zege. Nilisimama pale mvuani mpaka ya mwisho ikatoka. Kisha nikawaambia mafundi chuma hicho wasikipeleke stoo, ambako kitapatikana. Wakibebe hadi bustanini kwa Mzee Namdev, wakilaze chini ya mchungwa uliokauka.